Tope la Ziwa Chala Latunza Habari za Mvua

Ndugu msomaji, waulize wazee wa kijiji chako habari za mvua. Watakueleza miaka ya njaa na miaka ya neema waliyoiona. Lakini mvua ya miaka 20,000 iliyopita, nani atakueleza? Hakuna aliyeandika. Habari hizo zimetunzwa na kuvu.

Kuvu ni jamii moja na uyoga. Huota kwenye mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu, kwenye gogo bovu na kwenye samadi. Huzaana kwa chembe ndogo sana ambazo jicho halizioni. Upepo na maji ya mvua huzipeleka ziwani. Huko huzama na kufunikwa na tope. Ganda lake ni gumu, kwa hiyo nyingi haziozi.

Ziwa Chala liko chini ya Mlima Kilimanjaro, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kina chake ni mita 90 hivi. Kila mwaka tope jipya hulala juu ya lile la zamani. Wataalamu walishusha bomba refu, wakatoa tope la miaka 25,000. Waliliosha kwa dawa, wakazitazama chembe kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Walitangaza matokeo mwaka 2011.

Chembe hizo husomwaje? Kila aina ya kuvu ina chakula chake. Chembe za kuvu ya samadi zikiwa nyingi, ujue wanyama wala nyasi walikuwa karibu. Chembe za kuvu inayoozesha mbao zikiwa nyingi, ujue palikuwa na miti. Na miti mingi huhitaji mvua.

Tope la Chala lilionyesha kwamba zamani nchi ile ilikuwa kavu, yenye nyasi na miti michache. Baadaye mvua ziliongezeka, miti ikaongezeka, na kuvu nazo zikabadilika. Mwaka 2016 wataalamu walitoboa tena, wakapita mita 200 chini ya sakafu ya ziwa, ili wasome miaka ya mbali zaidi.

Je, haya yanamfaa nini mkulima? Yanamfundisha kwamba mvua haina ahadi. Ilibadilika zamani, na leo inabadilika tena kwa sababu dunia inazidi kupata joto. Basi, ndugu msomaji, mwaka wa mavuno mengi usiuze yote. Weka akiba ghalani. Panda mtama mahali ambapo mahindi hushindwa na jua. Tunza miti ya vyanzo vya maji.