USIPANGE BEI YA MDOLI WA ZAMANI KABLA HUJAUGEUZA MGONGO

Leo naongea na wanaouza midoli ya mtumba mtandaoni. Hii hasara nimeshaila mimi, wewe usiile.

Nina duka dogo Tindiga, huku Kilosa. Mwaka jana nilinunua Morogoro mfuko wa midoli mchanganyiko. Ndani nikakuta mdoli mmoja wa dada mweusi, gauni fupi jekundu. Kutafuta mtandaoni, kumbe ni Uhura, afisa mawasiliano wa chombo cha angani kwenye tamthilia ya Marekani, Star Trek, iliyoanza kurushwa 8 Septemba 1966. Jina lake limetokana na neno letu, uhuru. Siku hiyo ya kwanza tu kuna sehemu anasemeshwa Kiswahili!

Nikasoma kwamba kampuni ya Mego ilitoa midoli ya tamthilia hiyo mwaka 1974, na watu wanaikusanya kwa hela nzuri. Sikuangalia mara mbili. Nikaandika "ORIJINO YA 1974", nikamuuzia jamaa wa Dar kwa 60,000. Mzigo ulivyofika akanipigia: "Dogo, umegeuza mgongo kweli?" Nyuma pameandikwa Playmates. Hao walianza kutoa midoli ya Star Trek mwaka 1992. Nikarudisha hela yote, na nauli ya basi kwenda na kurudi juu yangu.

Sasa nafanya hivi:

1. Nageuza mgongo na nyayo, nasoma jina la kampuni. Mwaka ulioandikwa pale mara nyingi ni wa hakimiliki, sio wa kutengenezwa. Playmates waliweka na namba kwenye unyayo. Namba hiyo isikudanganye kwamba mdoli ni adimu, walitengeneza mingi sana.

2. Naangalia nguo na kimo. Ule wa Mego wa zamani una sentimita kama 20 na nguo za kitambaa, unazivua. Wangu ulikuwa mfupi, gauni ni plastiki hiyohiyo. Ila Mego walirudi sokoni 2018 na midoli ya staili ileile, kwa hiyo kitambaa peke yake sio ushahidi.

3. Nakung'uta mfuko mpaka mwisho. Silaha na vifaa vya mkononi ni vidogo, vinabaki chini. Mkusanyaji anaulizia hivyo kwanza. Ukipata mdoli bado uko kwenye boksi lake, usilifungue.

4. Siusugui wala siweki jiki. Rangi ikitoka, bei imetoka nayo.

5. Napiga picha mbele, nyuma, nyayo na kila kasoro. Nisichokijua sikiandiki.

Na usizamishe mtaji huku. Wateja wa hivi ni wachache, wengi wanatafuta cha kumnyamazisha mtoto. Chukua mfuko wako kama kawaida, huu mdoli mmoja uwe bahati tu.

Uhura wangu niliurudisha mtandaoni na maelezo ya kweli: Playmates, hauna vifaa, mkono umechubuka, 12,000. Aliyeununua ni jamaa yuleyule wa Dar. Mpaka leo nikipata mdoli wa ajabu namtumia picha yeye kwanza, na hajawahi kuniuliza tena kama nimegeuza mgongo.