Kugawa Sawa si Kugawa kwa Uwiano

Atembeleaye soko la Kibuye mjini Kisumu siku ya Jumapili, ambapo wauzaji na wanunuzi hujaa kuliko siku zote, ataona jinsi watu wetu walivyo hodari wa kupima. Omena hupimwa kwa gorogoro, viazi kwa debe, nyanya kwa fungu. Lakini jioni, wakati wa kugawana fedha, hodari hao hao mara nyingi hugombana. Hawagombani kwa kutojua hesabu; hugombana kwa sababu ya neno moja ambalo kila mmoja amelielewa kwa namna yake.

Tuseme akina mama watatu wamechanga fedha kununua omena. Wa kwanza ametoa shilingi 3,000, wa pili 2,000, na wa tatu 1,000. Mali yao imeuzwa kwa shilingi 7,200. Basi faida ni 1,200. Asubuhi walisema, "Tutagawana sawasawa." Jioni, yule wa tatu anangojea shilingi 400, kwa kuwa wao ni watatu. Yule wa kwanza anangojea 600, kwa kuwa nusu ya mtaji ilitoka mfukoni mwake. Hakuna mwizi kati yao, ila neno "sawasawa" limewapoteza.

Kiswahili hakikosi maneno ya kuyatenganisha mambo haya. Kugawa sawa ni kumpa kila mtu kiasi kile kile. Kugawa kwa kadiri, au kwa uwiano, ni kumpa kila mtu kulingana na kipimo fulani, kama vile fedha alizotoa. Kwa uwiano, akina mama wetu wangepata 600, 400 na 200. Na yafaa kukumbuka kwamba kuwia, katika Kiswahili, ni kuwa na dai juu ya mtu. Mwia ni mdai, na mwiwa ni mdaiwa. Basi anayegawa kwa uwiano hatoi zawadi. Analipa haki inayodaiwa.

Wengine watasema kwamba njia hiyo humpendelea mwenye nacho. Na watazame siku ya hasara. Mvua ikinyesha kabla omena haijakauka, huharibika, na bei yake hushuka. Tuseme mali ile imeuzwa kwa 5,400 tu. Hasara ni 600. Wakigawana sawa, kila mmoja atapoteza 200, nayo kwa yule wa tatu ni sehemu ya tano ya mtaji wake wote. Kwa uwiano atapoteza 100 tu, na mwenye mtaji mkubwa atapoteza 300. Kipimo cha faida na kiwe ndicho kipimo cha hasara.

Hata hivyo, neno "uwiano" peke yake halitoshi. Lazima tuulize: uwiano wa nini? Huenda yule mama wa tatu ndiye aliyekwenda ufukoni alfajiri, akaianika omena na kuichukua mpaka sokoni. Je, jasho lake halina hesabu? Wakikubaliana kwamba katika ile faida ya 1,200 kwanza zitolewe 300 za kazi, zitabaki 900, nazo zikigawanywa kwa mtaji zitakuwa 450, 300 na 150. Mama wa tatu, akiongeza 300 zake za kazi, atapata 450, sawa na yule wa kwanza. Uwiano haukuvunjwa, kipimo kimekamilishwa.

Swali hilo hilo huwasumbua hata wakubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaamuru kwamba kaunti 47 zipewe fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka 2020 Seneti ilibishana kwa miezi juu ya kugawa fedha hizo: wengine walitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi, wengine walitetea ukubwa wa ardhi na hali ya umaskini. Mwafaka ulipatikana mwezi wa Septemba, ilipokubaliwa kwamba fedha zitaongezwa ili kaunti yoyote isipunguziwe. Wote walitaka haki. Kilichowatenga ni kipimo.

Ndugu msomaji, Seneti iliweza kungojea nyongeza. Wachuuzi wa Kibuye hawana wa kuwaongezea. Kwa hiyo, wanaoshirikiana katika biashara, mtumbwi au shamba, na waandike mambo matatu kabla shilingi ya kwanza haijatolewa: kila mtu ameleta nini, kazi itahesabiwa vipi, na hasara itabebwa vipi. Maneno hayo yasemwe asubuhi, wakati mfuko ni mtupu na mioyo imetulia. Yakingojea jioni, fedha itagawanywa, na urafiki nao utagawanyika.