Gari Linapochemsha

Leo tutajifunza habari za gari linalochemsha. Somo hili linamfaa dereva, utingo, mwenye gari na hata abiria, maana gari likikwama wote hukwama.

Tuanze na kusoma. Magari mengi yana geji ya joto mbele ya dereva. Upande mmoja pana herufi C, maana yake baridi. Upande wa pili pana herufi H, maana yake moto. Mshale ukikaa katikati, hali ni njema. Ukipanda kuelekea H, simama. Magari mengine hayana mshale, bali huwasha taa nyekundu. Wewe unayejua herufi unaweza kuliona onyo hilo kabla mvuke haujatoka.

Joto hutoka wapi? Mafuta yanapoungua ndani ya injini hufanya joto kali. Pampu husukuma maji yazunguke injini na kulichukua joto hilo mpaka kwenye rejeta. Huko upepo wa feni huyapoza, nayo hurudi tena kazini. Pwani, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Tarime ni nchi ya juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huko maji huchemka mapema, karibu nyuzi 95. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta huyabana maji, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Kifuniko kikilegea, gari litachemsha, hasa likiwa na mzigo na likipanda polepole kutoka bonde la Mto Mara kwenda Nyamwaga.

Sasa gari limechemsha. Ufanye nini?

Kwanza, egesha kando ya barabara mahali pa usalama, uzime injini. Vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya gurudumu, na simamisha pembetatu za kuonya wenzako. Utakapoondoka, liondoe jiwe lile barabarani.

Pili, subiri nusu saa au zaidi. Usikifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto! Maji yaliyobanwa yakifunguliwa huruka mara moja, nayo huunguza uso na macho. Wala usimwage maji ya baridi juu ya injini ya moto, kwa sababu chuma chaweza kupasuka. Abiria wakikuharakisha, waeleze sababu hizo.

Tatu, injini ikipoa, shika kifuniko kwa kitambaa kinene, ugeuze uso pembeni, ukizungushe kidogo kidogo. Kisha tafuta sababu kwa mpango huu:

1. Tazama maji. Yakiwa yamepungua, ongeza polepole. Ukiwa na maji ya mto tu, yachuje kwa kitambaa safi, na ukifika kwa fundi mwambie aisafishe rejeta.

2. Tazama mipira ya maji. Klipu ikilegea, ikaze kwa bisibisi. Mpira ukipasuka kidogo, ukaushe, uufunge kwa nguvu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, uende polepole mpaka kwa fundi.

3. Tazama mkanda. Ukilegea, ukazwe. Katika magari mengi mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, usiendeshe.

4. Tazama feni. Feni ya umeme isipozunguka, huenda fyuzi imeungua. Weka nyingine ya kipimo kile kile. Usiingize mkono kwenye feni hiyo, maana yaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

5. Tazama uso wa rejeta. Gari lililopita katika nyasi ndefu hukusanya mbegu na majani, na upepo haupiti. Yaondoe taratibu kwa brashi laini.

Mwisho, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Hapo acha, mwite fundi. Ukilazimisha safari, unaweza kuua injini nzima, na gharama yake si ya mchezo.

Ndugu zetu wa Wilaya ya Serengeti, ninyi mna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Ukitoka Mugumu kupitia Lango la Ikoma, unaingia katika hifadhi ya taifa. Humo, watu huruhusiwa kushuka garini mahali maalumu tu, kwa kuwa wanyama wakali wapo. Hapo si mahali pa kufungulia boneti. Pima maji asubuhi, injini ikiwa baridi, ukague mipira na mkanda kabla ya kuondoka. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa zungumzeni katika kikundi chenu, kisha andikeni majibu:

1. Herufi H kwenye geji ina maana gani?
2. Kwa nini tunasubiri kabla ya kufungua rejeta?
3. Mkanda ukikatika, utafanya nini?

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja aende kwenye gari lililopoa, aombe ruhusa kwa mwenyewe, aonyeshe kwa kidole rejeta, mipira, mkanda na feni. Kwaherini.