Betri Haisafiri Sandukuni

Tuseme mwanao anasoma Marekani, naye amekupelekea tiketi ya ndege ili ukamwone akipokea shahada yake. Umetoka kijijini kwa basi, ukafika Dar es Salaam, ukalala kwa ndugu zako Ilala. Kesho yake wakupeleka Kariakoo kununua vitu vya safari. Mnapita mtaa wa Aggrey, penye maduka ya simu yaliyobanana mlango kwa mlango, na mpwa wako akuambia: “Shangazi, safari ni ndefu na simu itazima njiani. Nunua pawabanki. Tena mchukulie mwanao mbili za zawadi.”

Unatoa fedha, unanunua tatu. Usiku unazifunga ndani ya kanga na kuzilaza katikati ya sanduku, chini ya nguo, karibu na unga wa ugali na dagaa. Kwa akili ya kawaida umefanya vema, maana kitu cha thamani huwekwa ndani kabisa, penye usalama. Kumbe hapo ndipo ulipokosea.

Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hauko mbali na Kariakoo; uko huko huko Ilala, upande wa Kipawa. Unafika, sanduku lapita kwenye mashine, na baada ya kitambo unaitwa. Unaambiwa ufungue sanduku mbele ya watu. Nguo zako zafunuliwa, dagaa zasogezwa, na zile pawabanki zatolewa. Wengi wakifika hapo huona haya, na wengine hudhani wanaibiwa. Labda jirani yako aliyesafiri mwaka 2017 alikuambia kwamba yeye aliamriwa kinyume chake kabisa: aweke kompyuta yake katika sanduku, asiingie nayo kwa abiria. Basi utauliza: hawa watu wa ndege wataka nini hasa?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake yafaa lijulikane na kila nyumba yenye mtu wa kusafiri. Amri hizo mbili zilitokana na hofu mbili tofauti: hofu ya bomu na hofu ya moto.

Amri ya mwaka 2017

Tarehe 21 Machi 2017 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba abiria wapandao ndege za kwenda Marekani kutoka viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika ya Kaskazini wasiingie chumba cha abiria na chombo cha elektroniki kilicho kikubwa kuliko simu. Kompyuta za kupakata, vishikwambi na kamera kubwa, vyote viende katika sehemu ya mizigo. Simu za mkononi ziliruhusiwa, na vyombo vya matibabu pia. Siku hiyo hiyo Uingereza nayo ilitoa amri ya namna hiyo juu ya ndege zitokazo nchi sita.

Katika viwanja vile 10 vya amri ya Marekani vilikuwamo Dubai, Doha na Istanbul. Jambo hili liliwagusa watu wetu, maana kutoka Dar es Salaam hakuna ndege iendayo Marekani moja kwa moja. Sharti abiria abadili ndege mahali, na wengi hubadili katika miji hiyo mitatu. Mwanafunzi aliyetoka Ilala na kompyuta yake yenye kazi zake zote za masomo alilazimika kuitoa mikononi alipokuwa akienda kupanda ndege ya pili. Aliyepitia Amsterdam au Addis Ababa hakuguswa na amri ile, ingawa alikuwa akienda Marekani ile ile. Ndiyo maana watu wawili wa mtaa mmoja, waliosafiri juma moja, walirudi na habari zinazopingana, na wote wawili walisema kweli.

Amri ile haikudumu. Viwanja vilipokubali kuwapekua abiria na vyombo vyao kwa ukali zaidi, Marekani ilianza kuiondoa mwanzoni mwa Julai 2017, na kabla ya mwezi huo kwisha ilikuwa imeondolewa katika viwanja vyote 10.

Kisa cha Mogadishu

Hofu ile haikuzuka bure, na kisa chake kimoja ni cha hapa hapa Afrika ya Mashariki. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo iliondoka Mogadishu kwenda Djibouti. Ilikuwa bado yapanda juu, haijafika kimo chake, bomu lilipolipuka karibu na dirisha na kutoboa tundu ubavuni mwa ndege. Mtu mmoja alitupwa nje akafa, naye ndiye aliyeshukiwa kulibeba bomu lile. Rubani aliirudisha ndege Mogadishu, akatua salama na abiria wengine. Wachunguzi walisema bomu hilo lilifichwa ndani ya kompyuta ya kupakata, na picha za kamera za uwanjani zilionyesha mtu huyo akikabidhiwa kompyuta na watu wa pale pale uwanjani. Baadaye kundi la Al-Shabaab lilisema ndilo lililofanya kazi hiyo.

Waona basi kwa nini wakubwa walitaka kompyuta zikae mbali na mikono ya watu. Lakini walipozisukuma zote katika tumbo la ndege, wenye ujuzi wa moto walianza kulalamika. Walisema: mnakimbia mvua mkaingia mtoni.

Moto wa betri

Simu, kompyuta na pawabanki zote zina betri za lithiamu. Betri hizo ni nyepesi nazo hubeba nguvu nyingi mahali padogo. Ndiyo faida yake, na hatari yake imo humo humo. Betri ikitobolewa, ikikanyagwa, ikiwa na kasoro tangu kiwandani, au ncha zake zikiguswa na kitu cha chuma kama funguo au sarafu, yaweza kupata joto ndani yake. Joto hilo huzaa joto lingine, mpaka yafuka moshi wenye sumu na kuwaka. Ikizimwa juu juu, bila kupozwa, huweza kuwaka tena, na betri moja huiwasha ya jirani.

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya shirika la UPS iliondoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani. Ndani yake mlikuwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu. Moto ulizuka kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani hata wasiweze kuona vyombo vyao. Walijaribu kurudi Dubai, lakini ndege ilianguka, nao wote wawili wakafa. Baada ya mambo kama hayo, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilikataza betri za lithiamu zisizo ndani ya chombo zisichukuliwe kama shehena katika ndege za abiria, kuanzia tarehe 1 Aprili 2016.

Utasema: mbona ndege zina dawa ya kuzima moto katika sehemu ya mizigo? Ndiyo, zinayo. Lakini katika majaribio ya mwaka 2017, wataalamu wa usalama wa anga wa Marekani walitia kompyuta ndani ya sanduku pamoja na kopo la dawa ya kupuliza ya nywele, wakaipasha moto betri yake. Kopo lilipasuka kwa muda mfupi kabla dawa ya kuzimia haijafanya kazi. Sasa fikiri juu ya sanduku la mama wa safari: mna mafuta, mna manukato, mna makopo, na katikati yake pawabanki imefungwa ndani ya kanga.

Wenyeji wa Ilala hawahitaji kufundishwa moto ni kitu gani. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, na wengi waliona mali ya miaka mingi ikiteketea. Sisemi kwamba moto ule ulitokana na betri. Nasema hivi: moto ukiwaka Kariakoo, watu hutoka nje, na magari ya zimamoto huja na maji. Moto ukiwaka juu ya bahari, katika tumbo la ndege, hakuna pa kutokea wala gari la kuja.

Kwa nini ikae karibu nawe

Ndiyo sababu ya amri ya leo. Pawabanki na kila betri ya akiba haziruhusiwi kabisa katika sanduku la kupakiwa. Ziende nawe mkononi, ili zikianza kufuka moshi mtu aone, aite, na wahudumu waje na maji. Wahudumu wa ndege hufundishwa kazi hiyo.

Tena siku hizi hata kuwa nayo mkononi kuna masharti yake. Tarehe 28 Januari 2025, katika uwanja wa Gimhae huko Busan, Korea ya Kusini, moto ulianza katika kabati la juu la mizigo ya abiria ndani ya ndege ya Air Busan, kabla haijaruka. Watu wote 176 waliokolewa, lakini ndege iliungua paa lote. Wachunguzi walisema huenda moto ulitokana na pawabanki. Kuanzia tarehe 1 Machi 2025 Korea ya Kusini iliamuru pawabanki zisiwekwe katika makabati ya juu. China nayo, kuanzia tarehe 28 Juni 2025, ilikataza katika ndege zake za ndani pawabanki zisizo na alama yake ya ubora iitwayo 3C. Wafanyabiashara wa Kariakoo waendao Guangzhou waliangalie jambo hilo. Shirika la Emirates, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, huruhusu pawabanki moja tu kwa kila abiria, isitumiwe wala kuchajiwa ndani ya ndege.

Hesabu ya kufanya dukani

Kabla ya kulipa, soma maandishi ya pawabanki. Kipimo ni wati-saa, huandikwa Wh. Ikiwa haizidi Wh 100, kwa kawaida hupita. Kati ya 100 na 160 sharti shirika la ndege likubali kwanza. Zaidi ya 160 haipandi ndege ya abiria.

Zilizo nyingi huandikwa mAh. Chukua hesabu hiyo, zidisha kwa 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Yenye 10,000 ni Wh 37. Yenye 20,000 ni Wh 74. Yenye 30,000 ni Wh 111, nayo imekwisha pita mpaka. Watoto wenu wa shule watawafanyia hesabu hiyo kwa dakika moja. Na ile isiyo na maandishi yoyote, hata ikiwa rahisi namna gani, iache dukani, maana mkaguzi hawezi kukadiria kwa macho naye ana haki ya kuikataa.

Mzigo wa mtu mwingine

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni zito kwetu sisi tuliozoea kusaidiana. Mtu akisikia wasafiri, huja na kifurushi: “Mpelekee ndugu yangu, ni simu tu.” Kumkatalia jirani ni vigumu. Lakini uwanjani utaulizwa kama umefunga mizigo yako mwenyewe, na ukisema ndiyo huku umebeba usichokijua, umesema uongo ambao waweza kuua watu. Basi mwambie jirani kwa upole: “Fungua nione.” Mwenye nia njema hatachukia. Simu iwashwe mbele yako, betri ya akiba uijue, na usiyemjua usimbebee kitu.

Mambo ya kushika

Haya hapa kwa ufupi, myakate na kuyaweka pamoja na tiketi.

Kwanza, pawabanki na betri za akiba ziwe katika mfuko wa mkononi, kila moja katika kifuko chake, mbali na funguo na sarafu.

Pili, simu na kompyuta ni afadhali uwe nazo mkononi. Ikilazimu kompyuta iwe sandukuni, izimwe kabisa na ifungwe vizuri isipondwe.

Tatu, ikiwa ndege imejaa nao wachukua mfuko wako mlangoni ili wautie katika mizigo, toa pawabanki kwanza. Watu wengi husahau hapa.

Nne, simu ikiangukia ndani ya kiti cha ndege, usisogeze kiti wala usiivute kwa nguvu. Kiti chaweza kuiponda. Mwite mhudumu.

Tano, chombo kikipata joto kupita kiasi, kikivimba au kutoa harufu, sema hapo hapo. Usione haya.

Sita, kabla ya safari ulizeni shirika la ndege lenyewe, maana masharti yabadilika. Na msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Aendaye Mwanza au Songea kwa ndege yampasa kushika yale yale.

Basi, shangazi wa habari yetu, usikasirike wakikuita ufungue sanduku. Kijana yule anayetafuta katikati ya kanga zako hatafuti mali yako. Anataka ufike, umwone mwanao akiwa amevaa joho lake, kisha urudi kijijini utusimulie.