Kikolezo katika Chakula cha Kamba na Samaki

Mpishi hutia chumvi ili mchuzi ukolee. Mfugaji naye hutia kikolezo katika chakula cha mifugo ya majini ili kiliwe kwa hamu. Neno hilo lafaa, kwa kuwa kazi yake si kushibisha bali ni kuvuta.

Kamba wafugwao hutambua chakula kwa harufu kuliko kwa macho, tena hula polepole. Wasipokifikia mapema, chakula hulainika, nguvu yake huyeyuka, na maji huharibika. Ndiyo sababu huchanganywa unga wa ngisi au asidi amino kidogo, ili kamba wale zaidi na kukua upesi.

Kandokando ya Ziwa Victoria, huko Mwanza, wafugwao vizimbani ni sato, lakini kanuni ni ile ile. Pumba za mpunga na mashudu ya pamba hupatikana Usukumani, ila havina harufu ya kuwavuta sana; tena mashudu hayo yana gosipoli, sumu idhuruyo yakizidi. Kikolezo kimo ziwani: dagaa, na uduvi wanaswao pamoja nao.

Hapo ndipo penye mashaka. Dagaa ni kitoweo cha maskini, na kuku nao hulishwa. Kuwafanya dagaa kuwa tonge zima la sato ni kumpokonya mtu ili kumlisha samaki. Heri watiwe kidogo, na protini iliyobaki itafutwe katika soya na mashudu ya alizeti. Chumvi hukoleza mchuzi, haiwi mchuzi.