Nta Inayolinda Injini

Ipole, wilayani Sikonge, ni nchi ya nyuki, na mrina asali yeyote wa huko anajua kwamba nta ikipashwa hadi nyuzijoto 63 hivi huyeyuka. Pengine hajui kwamba nta nyingine, inayotokana na mafuta ya petroli, imo ndani ya karibu kila lori linalopita pale likielekea Rungwa au Mpanda. Imefungiwa kwenye kikombe cha thamostati, kifaa kidogo kilicho kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta, ambacho Sergius Vernet alikibuni Marekani katika miaka ya 1930. Maji yakiwa baridi, springi huibana vali. Yakifika nyuzi 82 hivi, nta huyeyuka, huvimba na kusukuma pini. Vali hufunguka, maji yakaenda kupozwa. Hakuna waya wala umeme. Na hicho ndicho kifaa ambacho wengi hukimbilia kukitoa gari likichemsha.

Hoja yao inajulikana: thamostati ni ya nchi za baridi, sisi tuna joto la kutosha. Lakini hata Oktoba, mwezi wa joto kali Tabora, mchana hufika nyuzi 32 hivi, na injini inataka zaidi ya 80. Injini isiyopata moto wake hula mafuta, kwa sababu kompyuta yake hudhani ndiyo kwanza imewashwa. Mafuta yasiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na unyevu ulioingia kwenye oili haukauki. Kubwa zaidi, kwenye injini nyingi thamostati inapofunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na gari lililokuwa likichemsha huweza kuchemsha zaidi. Mbona basi magari mengi yanatembea miaka bila thamostati? Yanatembea, kweli, ila hasara yake huja polepole, kwenye dizeli na kwenye ringi za pistoni. Geji haiionyeshi, ndiyo maana hakuna anayeihesabu.

Thamostati huharibika, sikatai, na mara nyingine hukwama ikiwa imefungwa. Hilo hupimwa nyumbani kwa sufuria. Kwanza injini ipoe kabisa: rejeta hushikilia presha, na maji yaliyopita nyuzi 100 hulipuka kuwa mvuke ukifungua mfuniko. Itoe thamostati, ifunge uzi, ining'inize majini isiguse kitako cha sufuria, kisha washa mkaa. Kwenye uwanda wa Tabora, mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo yenye alama ya 82 ianze kuachia kabla hayajatokota: utaona mwanya mwembamba pembeni mwa sahani, ukipanuka hadi milimita kadhaa. Ikipoa ijifunge. Ikifanya hivyo ni nzima. Irudishe, ukatafute kwingine: mapezi ya rejeta yaliyozibwa na vumbi jekundu na mbegu za nyasi, mkanda wa feni uliolegea, mfuniko uliochoka, au ukoko wa chumvi ulioachwa na maji ya kisima.

Hali moja naikubali. Gari limekwama katikati ya pori la Rungwa, thamostati imegoma kufunguka, na mji uko mbali: itoe, ufike. Kisha nunua mpya yenye nyuzi zilezile zilizogongwa kwenye ile ya zamani, pamoja na gasketi yake.