Mbio za Rhino Charge na hatima ya Msitu wa Kakamega

MASHABIKI waliozoea vumbi la Safari Rally hushangaa wanapoelezwa kuwa Kenya ina mashindano mengine ya magari ambamo kasi haimpi dereva hata alama moja. Katika Rhino Charge, ambayo aghalabu hufanywa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, mshindi ni yule anayefika katika vituo vyote kwa kupitia umbali mfupi kuliko wenzake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, kuitimiza ndiyo kazi. Vituo 13 vya ukaguzi hutawanywa katika nyika isiyo na barabara, na kila gari hupewa saa 10 kuvizungukia vyote na kurejea lilikoanzia. Mahali pa mashindano huwa siri hadi siku chache kabla ya mbio. Dereva akiuzunguka mlima, hupoteza kilomita. Akiupanda, huenda gari likapinduka. Ndiyo maana kila gari hubeba wasaidizi ambao hutangulia kwa miguu, wakaruka makorongo na kupenya miiba ili kutafuta pa kupita. Mitambo ya setilaiti hupima umbali wa kila gari, na tofauti kati ya wa kwanza na wa pili huweza kuwa mita chache tu.

Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na mbio nyingine ndefu za porini. Katika mbio za Dakar, kwa mfano, ambako pikipiki za magurudumu manne zilikuwa na kitengo chao kuanzia 2009 hadi 2024, saa ndiyo hakimu.

Kaunti ya Kakamega, yenye mashamba yaliyobanana na mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, si uwanja wa mbio za aina hii, ambazo hupendelea maeneo makavu kama Samburu na Kajiado. Kinachowahusu wakazi wake ni fedha. Kila timu hutakiwa kuchangisha pesa kabla ya kuruhusiwa kushiriki, nazo hukabidhiwa Rhino Ark, shirika lililoanzishwa 1988 kuwanusuru vifaru wa milima ya Aberdare waliokuwa wakimalizwa na majangili. Mbio za kwanza zilifanyika 1989.

Shabaha ilikuwa kujenga ua wa umeme. Ulianza kama kinga ya sehemu ndogo tu ambako vifaru waliwindwa na ndovu waliharibu mimea ya wakulima. Baadaye ilidhihirika kuwa ua huo ungelinda pia misitu na chemchemi ambazo jiji la Nairobi hutegemea kwa maji, ukazidi kurefushwa hadi ukaizunguka milima yote. Rais Mwai Kibaki aliuzindua Agosti 2009, baada ya kazi ya miaka 20, ukiwa na urefu wa karibu kilomita 400. Wakulima wengi wanaopakana nao waliupokea vyema, kwa kuwa walianza kuvuna walichopanda.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoifanya fikra ya ua ivuke hadi misitu mingine, Kakamega ukiwemo. Hapa, hata hivyo, mpango wa kuuzungushia msitu nyaya za umeme umezua mvutano, na si vigumu kuelewa sababu.

Msitu wa Kakamega, mabaki ya mashariki kabisa ya msitu wa mvua ulioenea kutoka Kongo, hauna ndovu wala vifaru. Wanyama wake mashuhuri ni mbega na kima, ambao hurukia matawini, pamoja na ndege na vipepeo. Mkulima wa Shinyalu, basi, haahidiwi usalama dhidi ya ndovu kama mwenzake wa Nyeri. Anayelengwa kuzuiwa na ua ni binadamu: mkata magogo, mchoma makaa, na mchungaji anayeingiza ng'ombe kinyume cha sheria.

Wanaounga mkono husema msitu umemegwa kwa miongo mingi, licha ya kutangazwa hifadhi 1933, na kwamba bila kizuizi mito kama Isiukhu itadhoofika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini msitu huohuo ndio stoo ya kuni za akina mama wanaolipia vibali, duka la dawa za mitishamba na mizizi ya mukombero, na kwa baadhi ya koo, mahali pa mila za jando. Sheria za misitu za 2005 na 2016 ziliwapa wakazi nafasi ya kushiriki katika usimamizi kupitia vyama vyao.

Kwa hiyo swali zito zaidi linahusu malango kuliko nyaya: yatakuwa mangapi, yatafunguliwa saa ngapi, na ni nani atakayeshika funguo. Mama anayebeba mzigo wa kuni kichwani hupima umbali kwa shingo yake; lango likiwa kilomita tatu kutoka kwake, ni sita kwenda na kurudi.